Kioo Kilichogeuzwa Ukutani

Katika yadi ya Fundi Vioo, pale Mtendeni, kuna kioo cha gari kilichowahi kuwa changu. Kina ufa mmoja mrefu unaoanzia kona ya chini upande wa dereva na kupanda hadi katikati. Kiliegemezwa ukutani pamoja na vingine, jina langu likiwa limeandikwa juu yake kwa chaki, na kilitakiwa kukaa pale siku saba tu. Hakikuondoka, na kosa ni langu. Fundi aliniambia nirudi, sikurudi. Gari lenyewe likaendelea kutembea na kioo kipya alichokiweka yeye, na nyuma ya kioo hicho kulikuwa na kamera ambayo aliirudisha mahali pake kwa uzi.

Habari ya uzi itakuja. Kwanza mtu mwenyewe.

Mji mzima ulimwita Fundi Vioo na sikuwahi kusikia akiitwa jina jingine. Alikuwa mfupi, mkavu, na kanzu yake ya kazini ilikuwa na mabaka ya gundi nyeusi kifuani yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia hakikuwa na ncha. Kioo cha lori kilikuwa kimeichukua zamani, na yeye alikuwa akikitumia kile kipande kilichobaki kugonga kioo kipya, taratibu, sikio likiwa karibu, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Kioo kisichomridhisha alikirudisha kwa muuzaji hata kama mwenye gari amesimama pale analia na haraka.

Mtu huyo, aliyeshinda na vioo tangu asubuhi mpaka alasiri, nyumbani kwake hakuwa na kioo hata kimoja. Ndevu alinyoa kwa kupapasa, na mara nyingi shavu moja lilibaki na kichaka. Nilimtania siku moja.

"Mwalimu, mchana kutwa naangalia vioo," akasema. "Hii sura nikaitazame ya nini tena?"

Halafu hakupanda magari. Simaanishi kwamba hakuwa na gari, nasema hakupanda. Sokoni alikwenda kwa miguu, msikitini kwa miguu, na mazishini upande wa pili wa mji kwa miguu, akiwatangulia watu kwa saa nzima ili asichelewe. Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilimkuta njiani amelowa chapachapa, nikasimamisha gari la shule, ambalo kioo chake alikiweka yeye, na kumfungulia mlango.

"Ingia Fundi, mvua hii itakuua."

Aliliangalia gari toka taa mpaka taa. "Ahsante, binti yangu. Namjua aliyeliwekea kioo hilo."

Nilicheka mpaka nyumbani. Niliwasimulia walimu wenzangu wakacheka nao. Siku hizi nikikumbuka maneno yale sicheki.

Kazi yake ilikuwa na taratibu ambazo hakuna mteja aliyeruhusiwa kuzibishia. Akishakiweka kioo, alifunga milango yote taratibu kwa kiganja, akashusha vioo vya pembeni kidogo, na kutangaza kwamba gari linalala hapo. Ungeweza kuwa mkuu wa idara au mchunga ng'ombe, gari lililala hapo. Asubuhi alinyunyiza unga wa sembe juu ya dashibodi nzima, akaketi ndani, na jirani yake akamimina maji ya birika juu ya kioo kutoka nje. Mama Zuhura, aliyeuza kahawa na kashata getini, ndiye aliyekuwa mshika birika. Fundi aliukodolea macho unga ule kwa muda mrefu. Tone moja likionekana, kioo kilibanduliwa na kazi ikaanza upya, bila hata kukuuliza kama una safari.

Kisha kulikuwa na ukuta. Kioo cha zamani hukukichukua wala hakukitupa. Alikiegemeza ukutani, akaandika jina lako kwa chaki, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni. Baada ya siku saba ulitakiwa kurudi na gari ili alitazame jinsi lilivyotulia barabarani. Akiridhika, alikitoa kile cha zamani, akakipondaponda kwa nyundo mbele yako mpaka kikajikunja kama gunia, akakisukumia ndani ya pipa. Hapo ndipo alipokupa mkono. Kabla ya hapo hakukupa mkono.

Vioo vya waliokuwa hawajarudi vilibaki. Vingi vilitazama yadi. Vichache vilikuwa vimegeuzwa, uso ukutani, mgongo kwetu, na vumbi juu yake lilikuwa jingi zaidi. Nilimuuliza Mama Zuhura kwa nini vile vimegeuzwa, akaacha kuchochea mkaa wake.

"Wenyewe waliishia barabarani," akasema kwa sauti ndogo. "Usivitazame sana, Mwalimu."

Fundi hakusema kwamba ni kosa lake, na kwa nijuavyo mimi haikuwa. Watu hufa barabarani kwa mambo mengi, kwa usingizi, kwa pombe, kwa matairi. Lakini kila habari mbaya ilipofika mjini alienda ukutani kuangalia kama jina lipo, na kama lipo alikigeuza kioo. Sijui ni nani aliyemfundisha desturi ile. Nadhani aliibuni mwenyewe.

Nisimfanye malaika. Alikuwa muongo wa saa. "Kesho adhuhuri" yake ilimaanisha keshokutwa magharibi. Alikuwa mkali kwa wateja wenye kidomodomo na mlaini ajabu kwa mbuzi wa jirani waliomlia kamba zake. Na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao sote mafundi na walimu tunao, ila yeye ulimkaa pabaya: neno "sijui" halikutoka mdomoni mwake. Ukimuuliza asilolijua alinyamaza, akavuta kile kidole kifupi, kisha akafanya. Kwa miaka mingi mikono yake ilimtoa kila mahali, na ndiyo maana hakuna aliyeiona hatari ya tabia hiyo, mimi nikiwa wa kwanza.

Gari langu lilikuwa la mtumba kutoka Japani, dogo, jeupe. Ukiliwasha liliongea Kijapani kwa sauti ya mwanamke, na wanafunzi wangu walipenda kulijibu "marahaba". Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, katikati, kulikuwa na kamera. Aliyeniuzia alinieleza kwamba kamera ile huangalia barabara, na mtu au gari likikatiza mbele, gari hufunga breki lenyewe hata kama dereva amezubaa. Nilijivunia jambo hilo kama vile nimelitengeneza mimi.

Mama yangu anaishi Goweko, kwenye tumbaku, na kila mwisho wa wiki nilikuwa njiani kwenda kumwona. Siku moja lori la tumbaku lililokuwa mbele yangu lilirusha jiwe. Nikasikia pa! na ule ufa ukaanza kupanda mbele ya macho yangu. Kioo kingine kililetwa na basi kutoka Dar es Salaam, nikakipeleka kwa Fundi Vioo.

Alipobandua kile cha zamani, kile kijumba cheusi cha kamera kilibaki mkononi mwake. Kwenye kioo kipya kishikizo chake hakikuwepo, ilibidi cha zamani kibanduliwe na kugundishwa upya. Alikigeuzageuza.

"Hiki nini?"

"Kamera, Fundi. Inatazama mbele. Mtu akikatiza, gari linafunga breki lenyewe."

Akavuta kile kidole kifupi. "Linamjuaje kuwa ni mtu?"

Kulikuwa na wateja watatu wamekaa pale na kahawa zao, wote wakisikiliza, nami nikauliza kile ambacho sikupaswa kukiuliza mbele yao: "Utaweza kweli, Fundi?"

Aliniangalia mara moja tu. Kisha akachukua uzi wake, uzi mweupe aliousugua kwa mshumaa ili usilegee, akaufunga katikati ya fremu juu na kuuvuta mpaka katikati ya boneti. Hivyo ndivyo alivyopata katikati ya kila kioo maisha yake yote. Akakigundisha kishikizo kwenye mstari wa uzi ule, akafumba jicho moja, akakisogeza kidogo kwa ukucha. "Imekaa," akasema. Wale wateja wakaguna kwa kuridhika, nami pia niliridhika.

Gari likalala, unga ukanyunyizwa, hakuna tone lililoonekana. Lakini nilipoliwasha, kwenye dashibodi taa ndogo ya njano iliwaka na haikuzimika.

"Hiyo?" nikauliza.

"Rudi siku ya saba," akasema. Hakuniangalia.

Sasa nieleze nilichofanya, maana hapa ndipo ninapotamani ningekuwa mtu mwingine. Ile taa ilinikera. Nilipita kwa fundi umeme mmoja jirani na shule, nikamwomba anisaidie. Alinishauri nimtafute mwenye mashine ya kuipima, nikamwambia sina muda, aizibe tu. Alifungua dashibodi na kubandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa. Ikawa kama haipo. Siku ya saba ilipofika niliogopa kwenda Mtendeni, kwa sababu nilijua Fundi angeliona pengo la ile taa kabla hajaona kitu kingine. Nikajiambia ni mitihani. Mitihani ikaisha, nikajiambia ni mvua.

Katikati ya hayo, mambo ya ajabu yakaanza barabarani. Njia ya Goweko inapita mahali ambapo zamani misafara ya pembe za ndovu ilipita kwa miguu kwenda na kutoka pwani, na bado kuna miembe mikubwa ya enzi hizo ambayo kivuli chake hukata barabara. Mchana wa jua kali, barabara tupu, mama yangu kando yangu, gari lilifunga breki lenyewe kwa nguvu mpaka kikapu cha viazi kikaruka kutoka kiti cha nyuma. Mbele hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mbuzi wala kuku. Palikuwa na kivuli tu.

Mama aliangalia mbele, kisha akanong'ona kwa Kinyamwezi maneno ya kuomba radhi, yale ambayo wazee huyasema wakipita makaburini. "Limewaona wapagazi," akaniambia. "Walikufa wengi hapa, na mizigo kichwani. Sisi hatuwaoni. Gari lako linawaona."

Mara ya pili ilikuwa mahali pale pale. Mtu mwenye akili timamu, mwalimu wa hisabati tena, angegeuza gari siku hiyo hiyo na kulipeleka kwa fundi. Mimi nililipeleka kwenye mazungumzo. Nilisimulia kanisani, nilisimulia ofisini kwa walimu, na kila niliposimulia gari langu lilizidi kuwa na macho makali. Watu walisisimka. Hakuna aliyesema kwamba gari linaloona kisichokuwepo linaweza pia kukosa kuona kilichopo, na mimi, ninayefundisha watoto wa watu kufikiri, sikuwaza hivyo hata mara moja.

Mwaka uliofuata nililiuza. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Bukene, mtu mpole anayeitwa Baba Neema. Alisita kidogo, akasema yeye husafiri mno na huchoka. Nikamwambia kwa kinywa changu: "Basi hili ndilo gari lako. Lina macho. Ukichoka, lenyewe litakuonea." Nikamsimulia na habari ya wapagazi. Akacheka, akalichukua. Habari ya taa sikumwambia.

Fundi aliniita mwaka huu, kiangazi kilipoanza. Mama Zuhura alikuja shuleni mwenyewe, akiwa na khanga ya kutokea, akasema: "Fundi anakutaka. Anasema uende na gari." Nikamwambia gari sina tena. Akanitazama vibaya. "Basi nenda na miguu, lakini nenda."

Nilimkuta baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amekonda na kanzu ilikuwa safi, ishara kwamba hafanyi kazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti yangu. Kaa." Sikukaa. Akaendelea: "Lile jicho la gari lako. Sikujua."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akikiri kwamba hakujua jambo. Alisema kwamba dereva mmoja aliyepita kutoka Dar es Salaam alimweleza jinsi kazi ile inavyofanywa huko: sakafu iliyosawazishwa, ubao wenye miraba myeusi na myeupe unaowekwa mbele ya gari kwa kipimo, na mashine inayoifundisha kamera upya mahali pa kutazama. Alimwomba dereva arudie maelezo hayo mara tatu. Kisha akaenda kujipima mwenyewe.

"Njoo uone."

Alikuwa amepigilia misumari miwili kwenye ubao, mmoja na mwingine imeachana shibiri moja. Uzi uliokuwa umefungwa kwenye msumari wa nyuma ulipita kando ya ule wa mbele na kwenda, kwenda, ukatoka getini na kuishia mbali, kwenye mti wa uzio kando ya reli. Akanituma nikasimame kule mwisho, niushike uzi ukiwa umekazwa, niweke jiwe chini yake. Nikaweka. Kisha akapenyeza punje moja ya mchele kati ya uzi na msumari wa mbele, akapaza sauti nisogee mpaka uzi unyooke tena. Nikasogea. Ilinibidi niinue mguu. Lile jiwe nililiacha hatua nzima kando yangu.

Kila mwaka nafundisha pembe zile, kidato cha pili. Nachora ubaoni mistari miwili inayoachana kidogo mwanzoni na sana mwishoni. Nilisimama pale kwenye uzio na uzi mkononi nikiona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mimi kwa ukucha nilikosea zaidi ya punje," akasema niliporudi. "Mtu aliye pembeni ya barabara, lile jicho linaona kichaka. Kichaka linaona mtu. Nimewaita wote niliowawekea. Umebaki wewe. Gari liko wapi?"

"Nimeuza, Fundi."

"Kwa nani?"

"Mtu wa Bukene."

"Mpigie."

Nikapiga, na kwa sababu aliniashiria, nikaweka sauti ya nje. Baba Neema alipokea mara moja na kunisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwalimu! Mwadila! Leo umetukumbuka?"

"Nimewakumbuka. Gari linaendeleaje?"

"Gari zima kabisa. Ila... Kwani umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Habari za yule mzee wa mkaa."

Fundi aliweka kiganja kwenye ubao wa misumari. Baba Neema alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Alikuwa anatoka Nzega, mchana kweupe. Mzee mmoja alikuwa mbele yake na baiskeli, magunia mawili ya mkaa nyuma. "Nilimwona, Mwalimu. Nilikuwa nimechoka, nikasema litapunguza lenyewe. Halikupunguza. Tulimzika siku ya pili."

"Pole," nikasema.

"Mimi niliwaambia watu, gari hili lina kamera, angekuwa kwenye njia yangu lingefunga breki. Kwa hiyo ni yeye kaingia ghafla. Wakanikubali. Mwanawe mkubwa alinifuata msibani akaniomba radhi kwa niaba ya baba yake. Aliniomba radhi mimi."

Fundi alinitazama tu, na nikaelewa kwamba hatanisaidia.

"Baba Neema," nikasema, "hakuingia ghafla. Kamera ile haikuwa inaona sawasawa. Usiliendeshe tena gari lile."

"Haioni tangu lini?"

"Tangu kabla sijakuuzia."

Kwa upande wake nilisikia kuku na mtoto akimwita. "Ulijua?"

"Kulikuwa na taa inawaka. Niliiziba."

Hakukata simu wala hakunitukana. Ningependa angenitukana. Nilimsikia akihema, na yule mtoto akiita tena, baba, baba.

"Muulize jina la mzee," Fundi akasema.

Nikauliza. Baba Neema alilitaja lote, lake, la baba yake na la babu yake, kisha simu ikakatika. Sitaliandika hapa, lina wenyewe, na nitakwenda kwao kabla ya mtu yeyote kulisoma popote.

Fundi alilirudia midomoni mara mbili. Alienda ukutani, akapita kioo kimoja baada ya kingine mpaka akafika kwenye ule ufa ninaoujua. Alifuta jina langu kwa kiganja. Akatoa chaki mfukoni, akaandika polepole kutoka kulia kwenda kushoto, na ingawa sizijui herufi zile nilifuata mkono wake mpaka jina la babu. Alipokwisha kuandika aliirudisha chaki mfukoni, akainama na kushika kioo kwa ukingo.

"Kamata upande ule," akaniambia.

Nikakamata, tukakigeuza.